Koti la Bibi Yako Si la Ukutani

Mhina, baba yangu,

Umepanda milimani Bungu kuwaaga watu wa kwa baba yako, na begi umeliacha kitandani likiwa wazi. Sikulipekua. Nilikuja kukuwekea shati nililolipiga pasi, nikaona mkono wa koti la bibi yako umetokeza kati ya suruali zako. Nilijua mara moja unalipeleka wapi. Nimeamua kukaa hapa sebuleni na kalamu wakati jua bado lipo, kwa sababu ukirudi nyumba itajaa majirani waliokuja kula na kukuaga, na mimi nikifungua mdomo mbele yao nitapiga kelele. Unanijua. Basi kelele nazipiga hapa, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Habari za chandarua, za kula kwa wakati, za kutomwamini kila anayekuita ndugu, sikuandikii. Shangazi zako watakusomea hizo mpaka usinzie. Mimi nina ugomvi na mtu mmoja tu, na ni bahati mbaya kwamba ndiye unayekwenda kufanya kazi chini yake.

Jina la huyo bwana mbunifu wako wa mavazi sitaliandika. Analiandika mwenyewe vya kutosha, kwenye kola, kwenye mifuko, kwenye migongo ya watu.

Nianze kwa kumpa haki yake, usije ukasema mama anaandika kwa hasira tupu. Mtu yule anajua mkasi. Nilimwona akishika kanga ya jirani yetu kwa vidole viwili, akasema imefuliwa kwa majivu, na kweli ilikuwa imefuliwa kwa majivu. Tena alikuchagua wewe bila kujuana na mtu. Wapo watu humu Korogwe waliosema mtoto wa kiume wa mwalimu wa historia anakaaje kutwa kwenye cherehani akipiga pindo za madera. Niliwajibu, na wewe ulikuwepo. Wengine mpaka leo tukikutana sokoni wanageukia nyanya. Kwa hiyo ushonaji wako sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni juu ya jicho analotaka kukupa.

Juzi tukiwa mezani ulituwekea sauti yake kwenye simu. «Kijana wangu,» alisema, kwa ile sauti ya mtu anayejisikiliza, «kabla hujashika mkasi kwangu nataka ulishe jicho. Kwanza maonyesho ya picha pale kituo cha utamaduni. Njoo siku ya ufunguzi, watu wote wa maana wanakuwepo. Vaa nyeusi. Halafu makumbusho. Halafu usiku wa mitindo. Halafu kwa wachonga vinyago, ukasome umbo. Na mwisho wa mwezi nawachukua vijana wangu wote kwa ziara ya utamaduni, tunatoka kabisa nje ya jiji, mpaka Handeni mnadani, mkaone rangi za Kimasai zikiwa hai.»

Baba yako aliacha tonge hewani. «Handeni? Anampandisha mtoto basi kutoka Dar amlete Handeni kumwonyesha ng'ombe?»

«Si ng'ombe, baba. Rangi.»

«Rangi za ng'ombe?»

Tulicheka, ukakasirika, ukazima simu na kuacha chakula. Samahani kwa kicheko. Kwa mengine yote siombi samahani.

Sasa nisikilize. Nenda kwenye maonyesho yote aliyoyataja. Nenda, usikose hata moja. Ulidhani nitakukataza, kwa kuwa mama yako ni mtu wa kupinga. Lakini siku moja niliandika makala kali gazetini kuhusu mashindano ya urembo ambayo sikuyaona, nikayaita soko la mifugo. Binti mmoja aliyeshiriki akajibu kwa aya fupi. Aliniuliza gauni lake lilikuwa la rangi gani. Gazeti likachapisha swali lake kwa herufi kubwa kuliko makala yangu. Tangu hapo sigombani na kitu ambacho sijakitazama. Kitazame kwanza, tena kwa muda mrefu, halafu ndipo ukigombeze kwa haki.

Ila siku ya ufunguzi usiende. Siku ile hakuna anayetazama ukuta. Watu wanatazamana, wanashika glasi, wanazipa picha mgongo ili wapigwe picha nazo. Nenda katikati ya wiki, mchana wa joto, wakati mlinzi anapiga miayo. Vaa rangi unayoipenda. Chagua kitu kimoja na usimame mbele yake mpaka miguu ilalamike. Kama ni vazi, zunguka nyuma, inama, tazama mishono ya ndani. Wewe ni fundi, unajua kwamba nje ya nguo ni maneno ya dukani na ndani ndiko kuna ukweli. Kisha jiulize nani alikuwa na kitu hiki kabla hakijafika hapa, na kilimtokaje mikononi. Alikitoa mwenyewe? Aliombwa? Aliambiwa kinakwenda kuwa nini? Karatasi iliyobandikwa pembeni mara nyingi itakutajia aliyekileta na kumnyamazia aliyekivaa. Ukiona hivyo, mwite msimamizi umuulize kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza choo kiko wapi. Atababaika. Mwache ababaike.

Mimi nilimkabili mmoja nikiwa chuoni. Tulipelekwa makumbusho, darasa zima, na katika kabati la kioo nikaona kinu kidogo cha kusagia ugoro, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa. Maelezo yalisema ni kifaa cha kale cha Wazigua kisichotumika tena. Nilikuwa nimetoka nyumbani Mnyuzi wiki ileile, na nilimwacha mama yangu amekaa mlangoni anasaga ugoro kwenye kitu kama kile, anapiga chafya na kumsema jirani. Nikamwendea yule msimamizi nikamwambia kifaa kinatumika, mtumiaji ninamjua, ni mzazi wangu. Akaniambia kwa upole, «Dada, hapa tunaeleza kabila kwa ujumla.»

Kwa ujumla! Nilirudi bwenini nikilirudia neno hilo. Yule bwana hakunitukana. Alinieleza tu, kwa adabu zote, kwamba mama yangu si wa lazima katika habari za mama yangu.

Na huo mnada wa Handeni. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kwa mjomba wangu, tukipita mnadani kwanza? Ulikuwa bado hujaota meno ya mbele vizuri. Ulisimama mbele ya mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akimalizia mkufu wa shanga, ukautaka ule ule, hakuna mwingine. Akatikisa kichwa. «Huu una mwenyewe.» Ukamwambia mama yako ana hela. Akamwambia mwenzake jambo kwa Kimaa, wakacheka wote wawili, kisha akakugeukia. «Mwenyewe bado yuko tumboni. Utamnyang'anya?» Ukajificha nyuma ya kanga yangu. Njia nzima ukawa unaniuliza mtoto ambaye hajazaliwa anawezaje kuwa na mali. Sikuwahi kukupa jibu zuri. Lakini ndiyo ziara ya utamaduni hiyo, Mhina. Uliifanya ukiwa na kamasi puani. Ulikwenda kutazama rangi, ukakutana na mtu aliyekwambia hapana.

Bwana wako ataleta vijana wake na basi lao, watapiga picha, wataondoka, na hakuna atakayewaambia hapana kwa sababu hawatakaa vya kutosha kuomba kitu ambacho hakiuzwi.

Kwetu alikaa vya kutosha, ndiyo shida.

Nataka nikusimulie habari za koti, ingawa unazijua, kwa sababu nahofia utaanza kuzisimulia kwa maneno yake. Nilimsikia akiliita «andiko la jasho». Si andiko la kitu chochote. Ni koti la mwanamume, la mtumba, zito, rangi ya udongo, alilolinunua mama yangu alipotoka Handeni kwenda Mnyuzi kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Singa zikitoka mashineni zimelowa, na maji ya mkonge yanawasha mpaka mtu atamani kujichuna ngozi. Wanawake wenzake walifunga vitambaa mikononi. Yeye alivaa koti, katika joto lile la Mnyuzi, na wakamcheka wakamwita Bwana Meneja. Akalivaa hivyo hivyo. Lilipotoboka viwiko akaweka kiraka cha turubai. Mfuko wa ndani aliushona mwenyewe, kwa ajili ya ugoro. Vifungo vyote ni vya nguo tofauti, na kimoja kilitoka kwenye sare yako ya chekechea, uliyoichana siku ya kwanza. Alipoacha kazi ya mkonge hakuliacha koti. Alilivaa shambani, msibani, hospitalini. Nilipomnunulia sweta jipya alilitandika chini ya kuku anayeatamia.

Akafariki mwaka huu, na siku ya kuondoa matanga huyo bwana akaja kutupa pole, kwa ajili yako. Nilimpokea kwa mikono miwili, mimi mwenyewe. Nilimweka kiti cha mbele, kwenye zulia, mahali pa wageni wa heshima. Likumbuke hilo mtu akikuambia kwamba namchukia kwa sababu ni wa Dar.

Unajua kilichofuata, lakini nataka ukione nilivyokiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa katikati yake. Bi Tatu, mtani wetu, aliingia kutoka chumbani amevaa koti. Kila mtu pale alijua atafanya hivyo. Baba yake alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, nasi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na kumvaa marehemu, nguo yake na mwendo wake, ni haki ya mtani. Alikuwa ameinamisha bega la kushoto kama mama, akavuta ule mguu mbovu, akanusa ugoro usiokuwepo, akapiga chafya ya mama. Ile chafya yenyewe.

«Nyie! Mnakula wali wangu na mimi sijakaribishwa?»

Watu wakaangua kicheko. Akaniona. «Na wewe mwalimu, umelia mpaka macho yamekuwa ya chura. Nilipokuwa hai ulikuwa unakuja lini? Tena ukija na ndizi mbichi, nizikodolee macho mpaka ziive!»

Kicheko kikapanda. Mimi nikacheka na machozi yananitoka, kwa sababu zile ndizi ni kweli.

«Na mume wangu yuko wapi? Mhina! Umeshatafuta mwingine, udongo haujakauka?»

Ukasimama. «Bado, bibi. Natafuta asiyenusa ugoro.»

«Mwongo! Utaoa wa Dar, akulishe chipsi mpaka uote manyoya!»

Nilikutazama ukicheka na bibi yako kwa mara ya mwisho. Hilo ndilo nililolijua pale, kwamba ni mara ya mwisho, na wewe pia ulilijua, na Bi Tatu alilijua, ndiyo maana hakuharakisha. Halafu akamgeukia mgeni wetu. «Na huyu kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, ni kipofu? Kama ni kipofu mshikeni mkono. Na suruali imekomea njiani. Fundi alifiwa?»

Nyumba nzima ikalia kwa kicheko. Mtani akikurushia hivyo unamrudishia. Unamwambia umezeeka mpaka kaburi limekukinai, unamwambia chochote, mradi umrudishie, na hapo unakuwa mtu wa pale. Angerudisha neno moja tu, hata baya, ningempenda mpaka leo.

Alipiga makofi. Alipiga makofi, Mhina, kama mtu aliyelipia kiti. Kisha akainua tena simu aliyokuwa akirekodia tangu Bi Tatu aingie. «Ajabu! Ajabu sana! Mama, hebu rudia hapo pa suruali, sikuwahi kunasa.»

Rudia.

Uliwaona watu? Shangazi yako aliacha mdomo wazi. Wanawake waliokuwa wanacheka wakaanza kupanga kanga zao vizuri, kwa sababu ghafla walikuwa wanatazamwa. Bi Tatu alisimama katikati ya chumba, na bega lake likarudi likanyooka, na kwa muda hakuwa mama yangu wala hakuwa Tatu, alikuwa mwanamke mzee amevaa koti la mtu mwingine mbele ya kamera. Mama yangu aliondoka humo chumbani wakati ule. Siku ya kufariki sikumwona akiondoka, nilifika amekwisha kwenda. Siku ile nilimwona.

Bi Tatu ni hodari kuliko mimi. Alilivua koti, akaja akakuvika mabegani, na akalazimisha sauti irudi kwa mara moja tu. «Vaa, mume wangu. Nguo yangu haijazoea kukaa peke yake.» Ukalivaa. Lilikubana kifuani. Hukulivua mpaka jioni.

Na leo nimelikuta begini limekunjwa, kwa sababu bwana wako anaandaa maonyesho kuhusu mkonge na analitaka katikati ya ukumbi.

Nilimpigia simu. Hukujua, sasa unajua.

«Shikamoo, mama,» akasema. Adabu anazo.

«Marahaba. Hilo koti unalitaka kwa muda gani?»

«Mama, tunampa bibi heshima kubwa. Watu wataliona vazi la mfanyakazi wa mkonge kwa jicho jingine.»

«Watu gani?»

«Watu wa sanaa. Wanunuzi. Wageni kutoka nje.»

«Nimekuuliza muda gani.»

«Likishaingia kwenye mkusanyiko wangu halitoki tena, mama. Heshima yenyewe ndiyo hiyo.»

«Mhina hatalivaa?»

Akacheka kidogo, kama anavyocheka mtu na mtoto. «Likivaliwa litaharibika.» Kisha akaniambia jambo zuri zaidi: siku ya ufunguzi atakuwepo mwigizaji, binti mwembamba, atakayetembea ukumbini akiwa na koti lile kabla halijatundikwa, akiiga mwendo wa bibi kutoka kwenye ile video. Anao mwendo wa mama yangu kwenye simu yake. Nilikata, kwa sababu niliyokuwa nataka kusema hayaendi na shikamoo.

Nilimpigia Bi Tatu, nikamweleza. Akauliza, «Huyo mwigizaji ni mtani wa nani?»

«Si mtani wa mtu.»

«Sasa atamwigaje marehemu? Bila utani si kumkejeli tu?»

«Anasema ni sanaa.»

«Basi aje aigize mama yake mwenyewe, tumwone.»

Nakwambia hivi kwa sababu wewe uliponijibu juma lililopita kuhusu koti hukunijibu vibaya. Ulisema, «Mama, likivaliwa litaisha. Likitundikwa litabaki. Wewe hutaki bibi abaki?» Ulinifunga mdomo, na hilo si jambo la kila siku. Nimelitafuna neno lako mpaka leo. Lina nguvu. Mwalimu wa historia angekubaliana nawe. Ninafundisha watoto juu ya vitu vilivyobaki kwa sababu mtu fulani alivificha visitumike. Bila makabati ya kioo nisingekuwa na somo.

Lakini jibu langu ni liishe.

Liishe, Mhina. Chakavu lichakae, viwiko vitoboke tena, uweke kiraka chako juu ya kiraka chake. Kila kitu cha bibi yako kiliisha kwa kutumika. Jembe lake liliisha likawa kama kijiko. Magoti yake yaliisha. Hakuna kitu alichokiweka kando kikae kizuri, hata yeye mwenyewe. Kumwekea koti lake kwenye taa, lisiguswe, ni kumfanyia jambo moja ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wala kitu. Watu wataliona, nakubali. Wataona viraka, watasema maskini, watasema uzuri, watakwenda kwenye vitafunwa. Hawataona kwamba lilimwepusha na kuwashwa. Hawataona kwamba alichekwa. Wataona kabila kwa ujumla.

Nina neno la kazi pia, si la hasira. Wewe ni mbunifu au mchukuzi? Kama bwana wako anataka kitu cha katikati ya ukumbi, mshonee. Lipime koti lile, lichore, lifumue kwa macho, ujue kwa nini bega la kushoto limeshuka chini zaidi. Nenda Mnyuzi ukanuse singa mbichi na uache maji yake yakuwashe. Kisha kata koti lako, kwa mkono wako, kwa uongo wako na ukweli wako, uandike jina lako, ulitundike mahali pa juu kabisa. Hilo nitakuja kulitazama. Nitakuja siku ya katikati ya wiki na nitasimama mbele yake mpaka miguu inilalamikie, na nitainama nitazame mishono ya ndani, na kama ni mbaya nitasema mbele ya mlinzi.

Akikwambia bila koti la bibi huna nafasi kwake, basi alichokichagua hakikuwa mkono wako. Ni vizuri ulijue hilo mapema. Utalia, utarudi, au utatafuta fundi mwingine. Dar haina mkasi mmoja. Sitakucheka. Baba yako atacheka kidogo, mvumilie.

Mimi ni mtu wa kugombana na watu kwa maandishi, na nimeshinda mara nyingi kuliko ilivyonifaa. Rafiki zangu wengi nimewashinda mpaka wakaacha kuja. Sitaki kukushinda wewe. Ndiyo maana nilipolitoa koti begini, nikalivaa, nikakaa nalo humu sebuleni nikiandika kurasa hizi za mwanzo, sikulificha. Nilifikiria. Kuna sanduku langu la nguo lenye kufuli, na usingegundua mpaka ufike Chalinze. Lakini halikuwekwa mabegani mwangu. Mimi nilipewa utani wa ndizi mbichi na nikaustahili.

Kwa hiyo nimelivua. Sikulirudisha begini, sikulifungia sandukuni. Nimelilaza kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mahali utakapopita ukitoka. Basi linaondoka alfajiri, na siku hizi kuna ubaridi. Sitakuuliza kitu na sitakuruhusu kunieleza. Nitakushika mkono, nitakusomea dua, na kabla sijatazama uso wako nitatazama mabega.

Mama yako, niliyekwisha kunyamaza